Ukitafuta birika la mluzi, anza na kifuniko

Mabirika mengi yanayouzwa siku hizi kwa jina la birika la mluzi hayapigi mluzi wa maana. Mengine hukoroma tu, mengine hutoa kasauti ambako ukiwa chumba cha pili hukasikii, na yapo yanayonyamaza kabisa mpaka maji yakauke. Mimi ni mtu wa kubandika maji kisha nikaenda kushika kazi nyingine, kwa hiyo birika lisiloita halinifai hata liwe zuri namna gani. Nimepitisha mikononi mwangu ya kila aina, mapya kwa mitumba, na siku hizi nikiingia dukani sitazami rangi wala umbo kwanza. Natazama kifuniko.

Sababu iko kwenye filimbi yenyewe. Ukiichungulia kwa karibu utaona vibati viwili vyenye tundu katikati, vimeachiana nafasi ndogo. Mvuke hupita tundu la kwanza kwa kasi, unapolifikia la pili umeshaanza kuyumba na kujizungusha, na huo msukosuko ndio unaozaa sauti. Mwaka 2013 Ross Henrywood na Anurag Agarwal wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Walionyesha kwamba mvuke ukiwa bado dhaifu, sauti hutokana na ile nafasi iliyo kati ya vibati, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Mvuke ukishapata nguvu, mdomo wa birika ndio unaotawala: ukiwa mrefu sauti huwa nzito, ukiwa mfupi huwa kali.

Sasa, mvuke una tabia moja: ukipata njia rahisi, haupiti kwenye njia ngumu. Kifuniko kikiwa kimelegea, mvuke wote utatokea pembeni mwake, na filimbi itabaki pambo. Kwa hiyo funga kifuniko, shika birika, litikise. Likigongagonga, rudisha rafuni. Pitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko usikie kama kinakaa sawasawa pande zote. Angalia pia kama kina kitundu cha kupumulia. Kwenye birika la kawaida kitundu hicho hakina neno, lakini kwenye la mluzi ni mlango wa nyuma wa mvuke. Yapo mabirika yasiyo na kifuniko kabisa, unajaza maji kupitia mdomoni. Hayo huita vizuri mno, ila mimi siyapendi, kwa sababu mkono hauingii ndani kusugua na hujui kinachojificha humo.

Kama filimbi ni ya kofia inayochomoka, ichomoe na uipulize kwa upande wa ndani. Nzuri huita hata kwa pumzi ya kawaida. (Muuzaji atakutazama. Mwache akutazame.) Zile zinazofunguka kwa kubonyeza kitu kwenye mpini zina raha yake, maana hushiki kofia ya moto, lakini springi ikichoka kofia haibani tena na mluzi unakufa polepole. Ibonyeze mara kadhaa papo hapo. Inatakiwa irudi kwa nguvu na kuziba mdomo wote.

Kuhusu malisho ya macho: kampuni ya Alessi ya Italia ilitoa mwaka 1983 birika la mbunifu Richard Sapper lenye vimirija viwili vya shaba ya manjano vinavyoimba noti mbili za muziki kwa pamoja, ile ya mi na ile ya si. Mwaka 1985 likafuata la mbunifu Michael Graves, lenye kindege chekundu mdomoni. Mwenye uwezo na ajipe. Maji yatachemka vilevile.

Kwenye madini sina maneno mengi. Chuma kisichoshika kutu ndicho chenye usumbufu mdogo kwa kazi ya kila siku. La enameli linapendeza na ndilo lenye sura ya kizamani hasa, ila enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma: likigongwa hubanduka, na likibanduka kwa ndani kutu huanza pale pale. Alumini ni jepesi na hupata moto haraka, lakini likiunguzwa bila maji kitako huweza kupinda. Shaba nayo hutakiwa kupakwa bati kwa ndani. Kama jiko lako ni la induksheni, yaani la umeme linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, nenda na sumaku. Isiponasa kwenye kitako, birika hilo si lako. Na ukiona la kale sana ambalo mdomo umeungwa kwa risasi ya kulehemu, linunue kwa ajili ya kabati, usilinywee.

Mpini upime birika likiwa na uzito. Lita 2 za maji ni kilo 2, bado birika lenyewe, na mkono unaoona raha dukani unaweza kukataa jikoni. Jifanye unamimina: vidole vyako viko juu ya njia ya mvuke? Mvuke unaunguza vibaya kuliko watu wanavyodhani. Mpini unaolala pembeni nao uwe unaweza kusimama wenyewe, la sivyo utaangukia usawa wa moto na kuanza kuyeyuka au kuunguza kiganja. Moto wenyewe usizidi upana wa kitako.

Ukishafika nalo nyumbani, chemsha maji ya kwanza uyamwage. Usijaze kupita pale mdomo unapoanzia, kwa sababu maji yakichemka yatapanda na kutoka kwenye filimbi, na badala ya mluzi utapata mikwaruzo na matone ya moto jikoni kote. Watu wengi hulaumu filimbi kumbe wamejaza mno.

Birika lililokuwa likiita vizuri likaanza kunyamaza, mara nyingi ni magamba meupe ya chokaa yaliyobaki maji yanapochemshwa. Weka siki na maji nusu kwa nusu, pasha, acha yapoe humo humo, kisha suuza vizuri. Filimbi iloweke peke yake kwenye siki. Usitumie msumari kuizibua. Tundu likipanuka au likipinda, sauti haitarudi.

Na kwa wanaonunua la mtumba: hakikisha kofia ya filimbi ipo, na ni yake. Kuipata nyingine inayobana sawasawa ni shida kuliko kupata birika zima, kwa kuwa midomo haina kipimo kimoja. Likiwa halina kofia, lipewe bei ya birika la kawaida.