Udongo mweusi wa kinamasi una gharama yake

Swali: Nimeanza kitalunyumba kidogo hapa Kireka, nakuza maua ya vyungu ya kuuza kando ya barabara. Nailoni ya paa inanipa wasiwasi kwamba nachafua mazingira. Muuzaji wa udongo ananiambia nitumie udongo mweusi wa kinamasi na niache mbolea ya dukani ya NPK, kwa kuwa udongo huo ni wa asili na haudhuru. Nianze kurekebisha wapi?

Jibu: Ndugu yangu, nailoni iache kwanza. Hukaa miaka kadhaa. Ikichakaa usiichome, wapelekee wanaokusanya plastiki. Vyungu navyo vioshe uvitumie tena. Penye kidonda ni hilo neno "asili", ambalo limenichosha.

Huyo muuzaji hakukuambia kwa nini udongo wake ni mweusi. Ni majani na mizizi ya mafunjo iliyolala majini bila hewa, ikaoza nusunusu, kaboni ikabaki humo. Ukiuchimba, ukauanika na kuujaza kwenye chungu, hewa inapenya, vijidudu vinaula, na kaboni inatoka kama hewa ya ukaa. Ardhi za aina hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini zimehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote ikijumlishwa. Wakulima wa Ulaya wamezoea kujaza vyungu vyao piti, ambayo ni ndugu wa udongo huo, na zaidi ya hapo wanachoma mafuta na gesi kupasha vitalu joto wakati wa baridi. Sisi tulio karibu na Ikweta baridi hiyo hatuna. Mbona tujitwishe huo mzigo wa piti?

Halafu kuna shimo linalobaki. Mafunjo ni chujio. Kinamasi cha Nakivubo hupokea maji machafu ya Kampala kabla hayajafika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na ni kwenye ghuba hiyohiyo mitambo ya Ggaba huvuta maji tunayokunywa. Anayechimba vinamasi vyetu kwa lori anatoboa chujio la maji ya watoto wake mwenyewe.

Kuacha NPK peke yake hakutakuokoa. Chungu kina udongo kidogo. Ukimwagilia kwa mpira mpaka maji yatiririke, naitrojeni na fosforasi huondoka nayo, ziwe zimetoka kwenye gunia la dukani au kwenye samadi ya kuku, na mwani wa ziwani hustawi kwa zote mbili. Sehemu ya naitrojeni hugeuka kuwa oksidi ya nitrasi, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 250 ya hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Weka sahani chini ya vyungu vichache: zikijaa kila ukimwagilia, punguza maji, na mbolea igawe kidogokidogo.

Kuhusu udongo, maganda ya kahawa tunayo tele. Yaozeshe: lundo lipate moto, ligeuze, lipate moto tena, lipoe kabisa, ndipo uchanganye na udongo wa juu na mchanga wa chengachenga. Usikubali mabichi. Hunyang'anya mmea naitrojeni, na yakitoka kwenye mibuni yenye ugonjwa wa mnyauko yanaweza kuupeleka kwenye shamba la jirani. Jaribu kwa vyungu kumi kwanza.

Nasema kwa ukali kwa sababu wauzaji wa "asili" wameongezeka, na nchi hii inalijua deni la aina hiyo. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, likasambazwa duniani kama ua la kupamba madimbwi. Miaka ya 1990 lilikuwa limeziba gati ya Port Bell. Nalo lilikuwa la asili.

Lori likija tena, muulize dereva udongo umechimbwa wapi, na kibali kiko wapi, maana Sheria ya Mazingira ya 2019 inalinda vinamasi. Akisitasita, asishushe hata beleshi moja.