Miezi minne ya TB: mimi niliishia wa tatu, soma kabla hujamwambia mdogo wako kitu

Mkuu, subiri kwanza. Umeandika kwamba mdogo wako yuko mwezi wa tatu kati ya sita wa dawa za TB, kikohozi kimekata, kanenepa, makohozi yamepimwa hayana kitu, na umesoma mahali kwamba watafiti wamethibitisha miezi minne inatosha. Kwa hiyo akifika wa nne mnataka aache. Halafu ukauliza na mengine, chakula sijui na kazi. Mimi kusoma kuliishia kwenye hiyo miezi minne, nikaweka simu chini, nikatoka nje kupunga upepo.

Mwaka 2013 mdogo wako huyo nilikuwa mimi. Fundi gereji, Dar. Mwezi wa kwanza mkojo rangi ya Fanta, nikataniana na nesi. Mwezi wa tatu nabeba giaboksi peke yangu. Kliniki ilikuwa inanilia muda, bosi kanuna, na mimi najiona mzima kuliko yeye. Jirani na gereji kulikuwa na bwana wa duka la dawa, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni. Mpaka leo sijui kama alikuwa na cheti au alikuwa na kalamu tu. Akaniambia: "Miezi sita ni mambo ya zamani. Siku hizi ni minne, hata hapa Tanzania wanafanya." Akanisindikiza na unga wa kusafisha mapafu, elfu kumi na tano. Nikaacha.

Kinachoniuma ni kwamba hakudanganya lote. Utafiti ulikuwepo kweli, watu 1,931, na Tanzania ilikuwemo pamoja na Kenya, Zambia, India na wengine. Walitoa dawa moja kwenye mchanganyiko wa kawaida, wakaweka nyingine inaitwa moksifloksasini, wakapunguza muda hadi miezi minne. Lakini walikuwa wanajaribu, mkuu, jibu lilikuwa halijapatikana. Lilitoka Septemba 2014: makohozi ya wale wa miezi minne yalisafika haraka kuliko ya wale wa sita, halafu ugonjwa ukawarudia wengi zaidi. Rudia hiyo sentensi, kisha urudi kwenye maneno yako kwamba makohozi ya mdogo wako hayana kitu. Wadudu wa kwenye makohozi ndio wa mbele. Kuna waliolala ndani ya mapafu, dawa inawafikia polepole, na hiyo ndiyo kazi ya ile miezi ya mwisho mnayoiona ya bure.

Na mimi hiyo moksifloksasini sikuwa nayo hata kidonge. Nilikatisha tu dawa za kawaida, kama fundi anayekaza nati mbili kati ya nne halafu anashusha jeki.

Kikohozi kilirudi 2014. Safari hii makohozi yakaingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, na jibu likawa rifampisini, ile dawa kuu kwenye mchanganyiko wa kawaida, haifanyi kazi. TB sugu. Miezi 20 ya dawa, na ndani yake miezi minane ya sindano ya kanamaisini, leo kalio la kulia, kesho la kushoto. Kwenye daladala nilikuwa nasimama wakati siti ziko wazi. Konda akadhani nimeweka nadhiri.

Mwezi wa tano masikio yakaanza kulia kama nyenje. Hiyo dawa inaua vinyweleo vya ndani ya sikio, inaanza na vya sauti nyembamba, na vikifa havioti tena. Sasa fundi wa injini bila masikio ni nani? Beringi ya alternata ikianza kuchoka inalia kwa sauti nyembamba sana, na ndiyo ilikuwa inaniingizia hela, kuijua kabla gari halijazima barabarani. Leo naegemeza ncha ya bisibisi kwenye alternata, nashika mpini kusikilizia mtikisiko kwa vidole, nikishindwa naita: "Dogo, hebu njoo usikilize." Mteja amesimama pale anatutazama. Dawa za TB ni bure, ndiyo, lakini kazi ya gereji niliyokuwa nayo kabla ya hii hakuna aliyenirudishia. Binti yangu ana sauti nyembamba, nusu ya anachosema sikipati, basi naitikia "sawa" kwa kila kitu. Ana viatu vingi kuliko mama yake.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema kanamaisini isitumike tena kwa TB sugu. Sasa hivi wengi wanatibiwa kwa vidonge tu, miezi sita, bila sindano. Mimi niliwahi foleni.

Hiyo habari uliyosoma si uongo. Ni utafiti wa 2021, watu zaidi ya 2,500 katika nchi 13. Ila walitumia rifapentini badala ya rifampisini, na moksifloksasini badala ya ethambutoli, tangu siku ya kwanza. Hawakuchukua dawa za mdogo wako wakazikata mkia. Ipo na miezi minne ya watoto wenye TB isiyo kali. Mdogo wako ana ndevu. Hata hiyo sita haikuokotwa: ilipimwa hukuhuku Afrika Mashariki miaka ya 1970, wakati watu wanakunywa dawa hadi miezi 18.

Kwa hiyo USIHESABU MIEZI, SOMA JINA LA DAWA. Nenda sasa hivi, mwombe vidonge vyake, geuza nyuma ya karatasi usome kilichoandikwa. Ukikuta rifampisini na isoniazidi, ni miezi sita, na anayeweza kubadilisha hilo yuko kliniki ya TB, si dukani wala humu. Andika hapa ulichokuta, nipo.