Mawese kitovuni mwa kichanga: hapana, kaka

Hongera kwa mtoto. Umeuliza kama mama mkwe ampake mawese kitovuni, leo siku ya 4. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Kigoma, na jibu langu ni hapana, hata yawe yamekamuliwa leo asubuhi. Kitovu hupona kwa kukauka. Mafuta hukiweka kibichi, vijidudu vikapata mlango. Majivu ndiyo kabisa, yanaweza kuleta pepopunda.

Nawa kwa sabuni, funga nepi chini ya kitovu, kiache kipate hewa. Kitakuwa cheusi, kigumu kama ngozi kavu, kisha kitadondoka chenyewe, mara nyingi kabla ya siku ya 15. Msikivute!

Ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, usaha ukitoka, joto likipanda au akigoma kunyonya, msingoje kukuche, nendeni kituo cha afya.

Na mama mtoto je? Hukumtaja. Akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au kichwa kikimuuma sana na macho yakaona ukungu, mwahisheni.

Mama mkwe mwambie kwa upole. Mawese yake ayaungie migebuka, mzazi ale ashibe.