Barua kwa mwanangu: pauni 1,000 za Alf Common

Mwanangu Zuhura,

Sisi wazima, mama yako anakusalimu. Juzi uliniuliza: mchezaji akiuzwa kwa mapesa yote hayo, mwenyewe anapata nini? Nikasema nitakuandikia, maana ukinianzisha mpira kwenye simu salio halitoshi.

Nitakupa mmoja, Alf Common, fowadi aliyejazia mwili, mzaliwa wa Sunderland. Februari 1905 klabu ya Middlesbrough, huko England, walikuwa wanachungulia kaburi la kushuka daraja. Ugenini walikuwa hawajashinda kwa karibu miaka miwili. Wakaenda kwa jirani zao Sunderland, wakamchukua Common kwa pauni 1,000. Bei hiyo haikuwahi kulipwa kwa mchezaji yeyote. Magazeti yakang'aka: watu sasa wananunuliwa kama ng'ombe?

Mechi yake ya kwanza ikawa ugenini, tena kwa Sheffield United, timu aliyoifungia bao kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 1902. Ikatokea penalti. Akaupiga Common, bao, 1-0, na ugonjwa wa ugenini ukapona siku hiyo hiyo. Msimu ulipoisha Middlesbrough wakabaki daraja la kwanza.

Haya, shika kalamu. Tangu 1901 FA, chama cha soka cha England, ilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Gawa 1,000 kwa 4: wiki 250. Karibu miaka mitano ya kucheza matopeni, asile, asilipe kodi ya nyumba, ndipo aifikie bei yake mwenyewe! Zile 1,000 zilitoka klabu moja zikaingia nyingine.

Kinachoniudhi zaidi si mshahara. Mkataba ukiisha mtu hakuwa huru: klabu ikigoma kumwachia, hachezei timu nyingine yoyote ya ligi. Atakaa nyumbani na viatu vyake.

Mwaka 1908 wakubwa walijaribu kuwekea kikomo bei za uhamisho pia, pauni 350. Hicho kiliwabana wenyewe, kikafutwa baada ya miezi michache. Cha mishahara kikadumu hadi 1961.

Common alipitia Woolwich Arsenal, akamalizia Preston North End, akatundika daluga 1914. Akaendesha baa kule Darlington hadi 1943. Alifariki 1946, kikomo cha mshahara kimepanda kidogo lakini bado kipo.

Ukija Idi nitakusimulia ya Steve Bloomer, mfungaji mwingine wa enzi hizo.

Baba yako