Shahada ukiwa na miaka 47

SWALI: Nina duka Singida. Kidato cha sita, 1998, niliambulia E moja na S moja. Naweza kusoma shahada bila kufunga duka?

JIBU: Unaweza, dada. E ni pointi 1, S ni nusu: jumla 1.5, ilhali kuingia moja kwa moja hutaka angalau 4. Hivyo anzia kozi ya msingi, ya kukuandaa kwa shahada, ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania; huko husomwa kwa masafa, hivyo duka halifungwi. Fikisha GPA (wastani wa alama) ya 3.0 katika masomo sita, na C kwenye matatu ya fani yako.

Wengi hukwamia kwenye jina: cheti kina la baba, kitambulisho cha NIDA kina la mume. Lisawazishe kwa wakili kabla ya kujaza fomu.