Kabla ya kununua kamera, tafuta projekta

Mwaka wa shufwa ukifika, Mbale hujaa kamera. Imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu, hufunguliwa Mutoto mwezi wa nane, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwaka ni vigumu kupita kijiji cha Wagisu usikute mtu ameinua simu juu ya vichwa vya wenzake. Ukizitazama video zenyewe baadaye, zote ni moja: kijana aliyepakwa unga, ngoma za kadodi, kisu, vigelegele, kwisha. Mtu wa Arua au Mombasa akizitazama atajua kwamba Wagisu hutahiri. Hilo alilijua tangu zamani.

Kazi yangu ni kurekodi mila. Mara nyingi huwa mpiga kamera wa watafiti wa chuo kikuu, na siku nyingine huitwa na koo zinazotaka kumbukumbu yao wenyewe. Nililelewa katika kambi ya jeshi, Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwetu, kwa hiyo karibu kila ninakokwenda humu Uganda naenda kama mgeni. Vijana wanaotaka kuingia kazi hii huniuliza wanunue kamera gani. Mimi huwaambia simu waliyonayo inatosha kuanzia. Pesa hizo wanunue maiki nzuri, na watafute pa kuazima projekta.

Projekta ni ya kuwarudishia watu picha zao, na kurudisha huko si zawadi ya kuagana. Ndipo utafiti unapoanza. Mfaransa Jean Rouch, aliyefanya kazi Niger kwa miaka mingi, aliwapelekea wavuvi Wasorko filamu aliyowapiga mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakiwinda kiboko mtoni. Kwenye sehemu ya windo alikuwa ameweka muziki ili ichangamke, tena muziki wa wawindaji wenyewe. Wakamwambia autoe: kiboko akisikia kelele hizo atakimbia. Angeuliza maswali mwaka mzima juu ya ukimya wa mwindaji, sidhani kama angejibiwa vizuri hivyo.

Nami nimeyaona hayo chini ya Mlima Elgon. Kabla ya siku yake, kijana wa imbalu huzunguka kwa jamaa zake akicheza, wao wakimpa kuku, mbuzi au fedha. Tulizipiga safari hizo kwa utulivu, kisha jioni moja tukazionyesha kwenye ua wa kwao, shuka limefungwa ukutani. Bibi mmoja akasimama akanyoosha kidole: “Huyo aliyetoa mbuzi ni mjomba, lakini siye mjomba aliyepaswa kutoa. Mwenyewe hakuja.” Kwa nini hakuja? Mahari ya mama wa kijana haijamalizika. Wakabishana mpaka usiku: nani alilipa ng'ombe yupi, nani ana deni kwa nani. Ramani nzima ya ukoo ikatandazwa mbele yetu, na hatukuwa tumeuliza swali hata moja.

Kwa hiyo weka simu ya pili iwarekodi watazamaji, sauti angalau. Sisi watu wa Uganda tuna bahati hapa. Tumekulia kwenye vibanda vya video, ambako vijei, wale watafsiri wenye maiki, huifunika filamu ya Hong Kong kwa maneno yao kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayeona ajabu. Watu wetu hawatazami picha kimya. Usiwanyamazishe, na usijifanye kuwaeleza picha yao.

Ukishajua kwamba picha itarudi kwenye ua ule ule, upigaji wenyewe hubadilika. Kwanza unaacha kukatakata. Chukua mfano wa lubugo, kitambaa cha gome cha Buganda, ambacho UNESCO ilikitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Gome la mti wa mutuba huchunwa majira ya mvua, shina likafungwa majani ya migomba ili gome jingine liote. Kisha gome hupigwa kivulini, lisikauke upesi, kwa nyundo za mbao zenye mifereji, na mwishoni huanikwa juani hadi lipate ile rangi ya udongo mwekundu. Video za mtandaoni hupenda nyundo, kwa sababu nyundo zina mdundo. Fundi mmoja upande wa Masaka tulimwonyesha video ya namna hiyo, ya watu wengine. Aliitazama hadi mwisho akasema: “Huyu ameua mti.” Hakuona pale shina lilipofungwa majani. Kwake kazi bila hatua hiyo ni uharibifu, na kwa mtazamaji wa mbali ni dakika mbili za kuchosha. Mimi naziacha hizo dakika mbili.

Kamera ikae mahali pamoja, uone mikono, miguu na anayepita nyuma. Maiki iwe karibu na fundi. Pembeni awepo mtu wa kuandika saa na tukio. Gregory Bateson na Margaret Mead walifanya hivyo Bali miaka ya 1930, Bateson akipiga picha, Mead akiandika daftarini, na ndiyo sababu maelfu ya picha zao bado yanasomeka.

Jambo la lugha naliwekea mkazo, maana hapa sisi wa Kiswahili ndio wa kulaumiwa kwanza. Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ukienda utapata watu wengi wanaokielewa, hasa sokoni na karibu na kambi. Usiwahoji kwa Kiswahili kwa kuwa ni rahisi kwako. Mzee wa Kijie, jamii ya wafugaji wa huko, akihojiwa kwa Kiswahili hukujibu kama anavyomjibu askari kizuizini: ndiyo, hapana, tunachunga. Mwache azungumze na wenzake kwa lugha yao chini ya mti, wewe rekodi, tafsiri baadaye, uweke manukuu. David na Judith MacDougall walifanya hivyo kwa hao hao Wajie mwaka 1968, na filamu yao ikatoka mwaka 1972. Wakati huo kawaida ilikuwa sauti ya mtaalamu kuwafunika wenyeji. Katika kazi yao unawasoma Wajie wenyewe wakilalamikia kiangazi na serikali.

Kuhusu vibali nitasema machache. Utafiti rasmi unapitia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, lazima akujue, na tangu mwaka 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Lakini karatasi iliyosainiwa kabla ya kupiga picha haijakupa kila kitu, kwa kuwa mtu hajaona alichokubali. Muulize tena baada ya kutazama. Yale mabishano ya mahari niliyoyasimulia hayakuwekwa popote. Wenyewe walisema yabaki ukoo, na sikuona cha kujadili.

Nakala moja iache nyumbani kwao kwenye fleshi, nyingine ipeleke kwenye hifadhi ya hapa nchini. Klaus Wachsmann, aliyesimamia Makumbusho ya Uganda, alirekodi muziki wa nchi hii miaka ya 1949 hadi 1952. Nakala za sauti hizo zilikuja kufika Makerere zaidi ya nusu karne baadaye, zikitokea London. Kuna wajukuu walioishi hadi uzeeni bila kuisikia sauti ya babu.

Kwa jioni yenyewe ya kuonyesha, betri ya gari na inveta vitakutosha kama umeme haujafika. Ngoja ng'ombe wakamuliwe na watu wale kwanza. Na uliza mapema nani hakai na nani: kwa Wagisu na kwa Waganda wa Buganda mwanamume na mama mkwe wake hawawezi kubanana mbele ya shuka moja. Mara nyingi utaonyesha mara mbili, kwa hiyo hesabu chaji ya usiku mzima.