Maswali Yenu: Bei za Mashine za Gemu Zinaposhuka

Kampuni moja ikishusha bei ya mashine yake ya gemu, wenzake hufuata ndani ya siku chache. Hupanga pamoja? (Msomaji, Tanga)

Hakuna haja ya kupanga. Mei 2002, nchini Marekani, Sony iliishusha PlayStation 2 kutoka dola 299 hadi 199. Kesho yake Microsoft ikaipeleka Xbox palepale, na baada ya wiki moja Nintendo ikaiteremsha GameCube kutoka 199 hadi 149. Mnunuzi hutazama pengo kati ya mashine na mashine. GameCube ilikuwa nafuu kwa dola 100. Nintendo ingenyamaza, nafuu hiyo ingeyeyuka yote.

Maumivu, lakini, hayakuwa sawa. Sony ilikuwa na viwanda vyake vya chipu, na kila chipu za PlayStation 2 zilipofanywa ndogo zaidi, gharama ilipungua. Baadaye zile mbili kubwa ziliunganishwa kuwa moja. Microsoft ilinunua prosesa kwa Intel na chipu ya picha kwa NVIDIA, na bei ya hiyo ya pili ikawafikisha mbele ya msuluhishi. Tena kila Xbox ilibeba diski kuu ya kuhifadhia data, kifaa chenye mota na kasha ambacho gharama yake hufika mahali ikagoma kushuka. Hasara ya kuuza mashine chini ya gharama yake hufidiwa kwa ada inayotozwa kwenye kila gemu inayouzwa. Ukiona bei zimelingana dukani, basi, jiulize nani anaweza kukaa huko chini miaka mitatu.

Mashine isiyouzika, ikipunguzwa bei hupona? (Msomaji, Mombasa)

Hupona ikiwa kuna gemu nzuri zinazoifuata karibu. Nintendo 3DS iliingia Marekani Machi 2011 kwa dola 249.99. Agosti, kabla miezi mitano haijatimia, ikawa 169.99, karibu theluthi nzima imekatwa. Walioinunua kabla ya punguzo walipewa gemu 20 za zamani bure, na hilo lilikuwa la lazima: mteja wa mapema akiungua mara moja, toleo lijalo atakaa pembeni angoje bei ishuke. Rais wa kampuni, Satoru Iwata, alijikata nusu ya mshahara. Kisha Novemba na Desemba zikatoka Super Mario 3D Land na Mario Kart 7, na hizo ndizo zilizoifanya bei mpya iwe na maana. Hatimaye 3DS ziliuzwa zaidi ya milioni 75, ingawa Nintendo ilifunga mwaka wa fedha wa Machi 2012 kwa hasara.

Dreamcast ya Sega haikupata bahati hiyo. Mwaka 2000 ilishushwa kutoka dola 199 hadi 149, nusu ya bei ya PlayStation 2 iliyokuwa inakuja kwa 299, na bado watu waliingoja ya Sony. Ilicheza DVD, ilikubali gemu za PlayStation ya kwanza, na Electronic Arts, wenye gemu kubwa za mpira, hawakuitengenezea Dreamcast hata moja. Januari 2001 Sega ikatangaza kuacha kuitengeneza.

Toleo la bei nafuu ni mashine ileile? (Msomaji, Nairobi)

Mara nyingi kuna kitu kimeng'olewa. PlayStation 3 ya GB 40, iliyouzwa dola 399 mwishoni mwa 2007, haikucheza gemu za PlayStation 2, haikuwa na tundu za kadi za kumbukumbu, na milango ya USB ilitoka minne ikabaki miwili.

Siku hizi kinachotolewa ni kisoma diski. Bila hicho huwezi kununua gemu ya mtumba, kuazima wala kuuza uliyoichoka, na gemu moja ya kupakua yaweza kula GB 100 za bando. Piga hesabu hiyo kabla ya kufurahia punguzo. Wala usisubiri sana: Agosti 2025 PlayStation 5 (PS5) yenye kisoma diski *ilipanda* Marekani, kutoka dola 499.99 hadi 549.99.

Xbox Series S haiongezewi kisoma diski. PS5 nyembamba huongezewa, ila mara ya kwanza ni lazima iunganishwe na intaneti ili ikitambue, kwa hiyo kijaribu mbele ya muuzaji. Soma namba kwenye kibandiko: ikianza na CFI-1 ni PS5 ya zamani na haikubali, CFI-2 ndiyo nyembamba na hukubali.